Siku Tuliyosimamisha Karatasi

Mkono wangu wa kushoto haujakubali kustaafu. Nikikunja kitenge, kidole cha shahada kinatafuta ukingo wa kitambaa na kuupapasa kutoka mwanzo hadi mwisho, kikipima kama umekazwa au umelegea. Nikiketi msikitini upande wa wanawake, kidole hichohicho hutembea kwenye ukingo wa mkeka. Binti yangu Zubeda huniambia, "Maman, pumuzika sasa." Nami hupumzika kidogo, kisha huinuka kwenda kutazama jambo ambalo nimekwisha kulitazama.

Injinia Solanji ameniomba niwaandikie ninyi mnaoanza kazi mwaka huu katika karakana yetu ya Kamembe, kando ya ziwa. Nimekubali kwa sharti kwamba nisiandike hotuba. Nitaandika kama nilivyofanya kazi, yaani kwa kusimama na kutembea. Mkiona nimeruka kutoka jambo moja hadi jingine, mjue nimeinuka kitini.

Kwa yule ambaye bado hajaielewa kazi yenyewe, ni hii. Karatasi ndefu, yenye upana wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, hutoka kwenye rulo moja na kwenda kwenye rulo nyingine bila kukatika. Njiani hupita chini ya silinda inayoichapa mistari myeusi, hupita ndani ya kikaushio chenye hewa ya moto, hupita juu ya magurudumu mawili madogo yanayopima umeme ndani ya mistari hiyo, halafu hujikunja upya. Wino wake hauna shaba wala fedha. Ni kaboni: makaa ya makapi ya mpunga wa Bugarama, yaliyosagwa hadi yakawa laini kuliko poda, yakachanganywa na grafiti, ileile iliyo ndani ya penseli, pamoja na maji na gundi ya mimea. Karatasi iliyochapwa hukatwa vipande vyembamba tunavyoviita tepe. Tepe hufukiwa katikati ya gunia la mpunga, mkia wake ukibaki nje. Ukiubana mkia huo kwa kidude cha kusomea, kinakuambia kama moyo wa gunia ni mkavu au bado una maji. Tepe inakunjwa na haivunjiki, na ikichakaa inaloweshwa, karatasi inarudi kuwa karatasi na makaa yanarudi kuwa wino. Hiyo ndiyo elektroniki yetu. Msimwachie mtu awaambie kwamba ni mchezo wa makapi.

Nilizaliwa Nzahaha, kwa baba aliyeshuka kila msimu kulima mpunga katika bonde la Bugarama, nikaolewa Kamembe na fundi mwashi. Nilijifunza kusoma nikiwa tayari na watoto watatu, katika darasa la watu wazima, na cheti changu cha shule ya msingi nilikipokea siku ileile Zubeda alipopokea chake. Tulipanga foleni moja. Mwalimu alidhani nimemsindikiza mtoto, akaniomba nisubiri nje. Nilimwonyesha jina langu, nikasimama palepale. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani hachezei tarehe, kwa sababu alikaa muda mrefu akiambiwa na wengine leo ni siku gani. Kwa hiyo nitasema tarehe, na mnivumilie.

Mume wangu alifariki tarehe tatu Novemba. Eda yangu ilikwisha tarehe kumi na moja Machi, siku ya Jumamosi. Shemeji zangu walikuwa wamekwisha kupanga niketi nyumbani nipokee msaada wao kwa heshima. Niliwashukuru kwa heshima. Jumatatu, tarehe kumi na tatu, nilikuwa mlangoni mwa karakana nikiuliza kama wanahitaji mtu mwenye macho mazuri.

"Macho tunayo," alinijibu mzee mmoja aliyelala chini ya mashine, miguu yake tu ikionekana. "Unajua kushona?"

"Najua."

"Uzi ikilegea kwa masini ya kushona, unajua mbele ikatike ao kisha?"

"Ninajua kabla. Inabadili sauti."

Miguu ilitulia. Kisha mzee akatambaa nje, uso wake mweusi kwa wino, akanitazama kama anayechagua nyundo. "Ingia, Maman."

Huyo ndiye Mzee Gaspari. Alikuwa mkatoliki wa Bugarama, aliyestaafu kiwanda cha saruji baada ya kuhudumia tanuri maisha yake yote ya ujana na ya uzee. Injinia Solanji alimwomba aje Kamembe kuifufua mashine kuukuu iliyokuwa ikichapa lebo za chupa, ili ichape kaboni. Mashine aliifufua. Sisi sote aliotukuta mle, na waliokuja baada yetu, alitufundisha.

Nimerudi. Nilikwenda kufunga dirisha. Upepo wa ziwani unageuza kurasa.

Kitu cha kwanza alichonifundisha kilikuwa ukingo. Karatasi inayokwenda haishikwi kwa kiganja. Unaweka kidole kimoja pembeni, kwa wepesi kama unavyomgusa mtoto mwenye homa, na unasikiliza. Ukingo ukitetemeka, karatasi imelegea na mistari itapinda. Ukikuuma, imekazwa mno na itakatika. Ukikuteleza kama maji, iache. Pete vueni. Mtandio fungeni nyuma na muuingize ndani ya koti la kazi, kwa maana rulo haijui dini ya mtu. Mtandio wangu wa kwanza ilinipokonya wiki ya pili, na bado namshukuru Mungu kwamba niliufunga fundo bovu.

Cha pili kilikuwa maji. Wino wetu hunywa maji ya mvua, yale ya bati, yaliyochujwa. Msidanganywe na unadhifu wa maji ya bomba: chumvi iliyomo huugandisha wino.

Cha tatu tulifundishwa na mende. Mwanzoni gundi ya wino ilikuwa wanga wa muhogo, na sote tulijivunia muhogo wetu. Tulichapa rulo nzuri siku ya Ijumaa, tukafunga mlango. Jumatatu tukakuta mistari imetobolewa kila mahali, kama barabara ya milimani baada ya masika. Mende walikuwa wamekula gundi na kuiacha grafiti chini, kilima kidogo cha vumbi jeusi chini ya kila shimo. Mzee Gaspari aliinua karatasi mbele ya taa akacheka mpaka akaketi.

"Injinia," alisema, "bamende bamepiga kura. Banasema muhogo iko muzuri, inakosa tu chumvi."

Solanji hakukasirika. Alichukua vipande vilivyoliwa, akavipima, akakaa na vitabu vyake, na mwezi uliofuata tulikuwa na gundi ya nyuzi za mimea isiyopendwa na mende wala sisimizi. Alikuwa mdogo kuliko mzaliwa wangu wa kwanza, lakini nilimwona akipiga magoti sakafuni kuhesabu mashimo ya mende, na kuanzia siku hiyo nilimwita Injinia hata alipokuwa hayupo.

Cha nne, na hapa ndipo habari yangu inapoanza, kilikuwa kutosimama.

Mnapaswa kuelewa jambo la tanuri la saruji, ambalo watu wa huku huliita furu. Ni bomba kubwa la chuma linalozunguka mchana na usiku, na moto ndani yake. Likisimama likiwa na moto, chuma hulegea kwa uzito wake na kupinda, na tanuri lililopinda halinyooki tena. Mtu wa furu hulala akiisikiliza. Umeme ukikatika, hukimbia kwanza kuizungusha kwa injini ya dizeli ya akiba, kisha ndipo huuliza kimetokea nini.

"Furu haisimamaga," Mzee Gaspari alituambia kila asubuhi, mahali ambapo wengine wangesali. "Ikisimama, inapinda sawa ndizi. Na hii karatasi ni furu yetu."

Kwa sehemu kubwa alisema kweli. Kazi ya mfululizo hupata faida yake katika kutosimama. Kila mara unapoanza upya unapoteza karatasi, unapoteza wino, unapoteza joto ulilolilipia kwa makapi. Karatasi ikisimama ndani ya kikaushio chenye moto, inaungua. Wino ukikaa ndani ya silinda, unaganda. Ndiyo maana alitufundisha kuunganisha rulo mpya na ya zamani bila kusimamisha: kata ncha kwa mshazari ili kiungo kisiigonge silinda kwa pigo moja, bandika utepe wa gundi, inua silinda kwa upana wa ukucha kiungo kikipita, weka uzi mwekundu pembeni ili wakataji wajue mahali pa kutupa. Niliweza kufanya hayo yote huku nikijibu salamu. Mpini wa kusimamisha mashine ulikuwa kwenye kona ya Mzee, nyuma ya kiti chake, na juu yake alikuwa ametundika koti lake. Hakuna aliyeugusa isipokuwa jioni, na jioni aliugusa yeye.

Sasa, mdogo wangu Mwajuma. Yeye alibaki katika mpunga. Ameolewa Bugarama na ni mwanachama wa koperative ya wakulima. Katika msimu wa tatu wa kazi yangu, koperative hiyo ilikuwa imepoteza mpunga mwingi ghalani. Magunia yalionekana makavu kwa nje, moyoni yakaota ukungu. Mwajuma alisimama mbele ya mkutano, mbele ya mume wake na ya prezida wa koperative, akasema dada yake anatengeneza kitu kinachoona ndani ya gunia. Walimcheka. Mkulima wa mpunga hupima ukavu kwa meno: hutia punje kwenye gego na kuiuma. Ikilia kwa mkato, ni kavu. Ikikubali jino, irudi kwenye turubai. "Meno yetu yametufikisha hapa," prezida alimwambia. Mwajuma akamjibu, "Na mpunga uliooza uko wapi, Papa Prezida? Meno yako iliona?"

Wakakubali kujaribu msimu mmoja. Tepe kwa kila gunia, kabla ya mavuno ya Juni. Wafadhili waliotununulia karatasi walikuwa wakingoja neno la koperative hiyo na hakuna neno lingine walilolingoja. Zikifaulu, karakana ingeendelea. Zikidanganya, mpunga ungeoza ukiwa umeandikiwa kwamba ni mkavu, Mwajuma asingeinua tena uso katika mkutano ule, na sisi tungefunga mlango. Hayo niliyajua nilipoamka, na niliyajua nilipokula. Sikukaa sawasawa mahali popote mwezi ule wa Mei.

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei, tulianza kuchapa rulo ya mwisho na kubwa kuliko zote. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Hewa ya Kamembe ilikuwa nzito, nguo hazikauki, chumvi imeshikana kibakulini. Nilikuwa kwenye mkunjo, mahali karatasi inapomalizia safari. Solanji alikuwa kwenye magurudumu ya kupimia, Mzee kwenye jiko la makapi linalopasha kikaushio.

Kabla ya adhuhuri Solanji aliniita. "Maman Zubeda, namba iko ndani ya mipaka. Lakini inapanda, inapanda kidogo-kidogo. Sipendi."

Nami nilikuwa na la kwangu. Rulo iliyojaa, ukiigonga kwa kifundo cha kidole, hujibu kama mti mkavu. Siku ile ilinijibu kama tumbo la mtu aliyetoka karamuni. Niligusa mistari: kidole safi. Nikagonga tena. Tumbo.

Mzee alisikia mazungumzo yetu. "Wino iko mbichi kidogo? Ni mvua. Tuongeze moto." Akatia makapi jikoni.

Namba zikashuka mara moja, zikawa nzuri kuliko za wiki nzima. Mzee akapangusa mikono, akaridhika, kama mtu aliyemwona mgonjwa akila. Katika saruji, jiwe lisipoiva, unaongeza moto. Hakuna mtu wa furu ambaye angefanya vingine.

Solanji alizitazama namba hizo nzuri kwa muda mrefu. "Papa Gaspari," alisema, "tusimamishe. Tufungue rulo, tuone katikati."

"Tusimamishe?"

"Kidogo tu."

"Hakuna kidogo. Karatasi ndani ya kikaushio itaungua. Wino itakauka mu silinda, tutaipangusa siku mbili. Karatasi ingine iko wapi? Ni hii tu njo tuko nayo. Mavuno iko mulangoni." Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayemweleza mtoto kwa nini haruki dirishani. "Ukisimamisha, Solanji mwana wangu, utaenda kumwambia prezida weye mwenyewe. Kama namba ilikuwa mbaya, sawa. Lakini leo namba iko muzuri! Muntu anasimamisha masini juu iko inafanya kazi muzuri?"

Wote wawili wakanitazama. Nilijua tumbo la rulo lilikuwa limeniambia nini, na nilijua pia ni nani aliyenifundisha kuligonga. Nilisema, "Mzee, sauti yake si njema." Akanijibu, "Ni mvua, Maman Zubeda. Mvua inabadilisha sauti ya kila kintu." Na karatasi ikaendelea kupita, nyeupe ikiingia, nyeusi ikitoka, kati ya tumbo la rulo na namba za Solanji. Nilihamia mguu huu, nikahamia mguu ule. Sijapata kuchukia kitu kizuri kama nilivyoichukia karatasi ile.

Ndipo Mwajuma akaingia, ameloa, na mkungu mdogo wa ndizi mbivu kichwani. Alikuwa ametumwa kuchukua tepe za kwanza ili awaonyeshe wenzake. Alisimama karibu na kikaushio, akapeperusha kanga usoni.

"Heee! Hapa mukoje? Munaanika mupunga saa sita juu ya bati?"

"Salimia watu kwanza," nilimwambia.

"Nitabasalimia bakiwa bazima. Yaya, hii moto itaua muntu." Yaya kwetu ni dada mkubwa.

Kwa wasiolima: mpunga ukimwagwa kwenye jua la mchana juu ya kitu chenye moto, hukauka ganda kwa haraka, na maji ya ndani hufungiwa yasitoke. Kwa nje unalia kwa mkato. Kinuni unavunjika, ghalani unaota ukungu. Baba yetu alitupiga makofi kwa kosa hilo tukiwa wadogo. Mpunga hukaushwa kwa jua la asubuhi, kwa upepo na kwa kugeuzwageuzwa.

"Nipe moja niione," Mwajuma alisema.

Nilikata kipande cha pembeni kwa mkasi pale karatasi ilipokuwa ikijikunja, nikampa. Alikigusa, akakinusa. Kisha, kabla sijamzuia, akafanya anachokifanya kila siku ya maisha yake kwa kitu ambacho anataka kujua kama ni kikavu: akakitia kwenye gego, akauma.

Akatafuna. Akafikiri. Akatabasamu, na meno yake yote ya upande wa kulia yalikuwa meusi.

"Yaya," alisema, "hii kintu yenu iko mbichi."

Wakataji walicheka hadi mmoja akashika ukuta. Mzee Gaspari hakucheka. "Ni mate," alisema. "Muntu akitia karatasi mu mate, si itatoa rangi?"

"Hilo linapimika," Solanji alijibu. Alikwenda kwenye rafu, akachukua tepe ya wiki iliyopita, iliyokaushwa siku ya upepo na jua, akaiuma mbele yetu kwa nguvu, akafungua kinywa. Meno meupe. Kisha akakata tepe ya siku ile, akaiuma, akafungua kinywa. Meno meusi. Alitaka kueleza, na alieleza vizuri, kwamba moto mkali uliugandisha wino juu kama maziwa yanavyofanya ngozi, kwamba magurudumu yalikuwa yakipima ngozi tu, kwamba ndani ya rulo maji yaliyofungiwa yalikuwa yakihama kutoka tabaka hadi tabaka, na kwamba tepe hizo zingesema uongo ghalani. Lakini ni vigumu kumsikiliza kwa makini mtu mwenye meno kama yale, na Mwajuma alikuwa ameanza kulia kwa kicheko.

Kisha akaacha ghafla. Nilimwona akielewa. "Yaya," aliniuliza kwa sauti ya chini, "hizi njo mulikuwa mutanipa niende nazo?"

Mzee Gaspari alinyoosha mkono. "Nipe na miye."

Nilimkatia. Aliuma taratibu, kama apokeaye sakramenti, akapitisha kidole kwenye meno, akakitazama. Kilikuwa cheusi. Karatasi ilikuwa bado inakwenda.

"Nitaisimamisha," alisema. "Lakini musiguse kitu. Nitaisimamisha miye."

Tazameni sasa jinsi alivyofanya, kwa maana hii ndiyo njia, na hakuna nyingine. Hakuushika mpini. Alianza na moto: aliutoa jikoni kwa koleo, koleo baada ya koleo, akaumwaga nje kwenye mvua, mvuke ukapanda hadi juu ya bati. Akafungua milango ya kikaushio pande zote. Akainua silinda, wino ukaacha kushuka, na karatasi ikaendelea kwenda tupu, nyeupe, ikipoza njia yake yenyewe. Aliingiza mkono kikaushioni, akangoja, akauingiza tena. Hapo tu ndipo alipokwenda kwenye kona yake, akaondoa koti, akavuta mpini. Moto kwanza, wino wa pili, karatasi mwisho. Hakikuungua hata kipande kimoja.

Nilisikia mvua juu ya bati. Ilikuwa ikinyesha siku nzima na sikuwa nimeisikia. Mzee alibaki ameshika mpini kama mtu aliyeshika mlango ili usifunguke.

"Pale Bugarama," alisema bila kutugeukia, "siku zote sijasikia masini yangu imenyamaza na miye niko mbele yake."

Mwajuma alichuma ndizi moja kwenye mkungu, akaimenya, akampelekea. "Kula, Mzee. Itatoa rangi mu meno."

Rulo tulipoifungua, katikati ilikuwa imegandana. Siku mbili tulifua karatasi. Nasema tulifua: tuliilowesha katika mabeseni ya maji ya mvua, tukaisugua, tukachuja makaa na kuyarudisha kwenye pipa la kusagia. Wanawake waliokuwa wakipita barabara ya uwanja wa ndege walisimama getini kuona wanaume wakifua vitabu, kama walivyosema. Mzee Gaspari aliwajibu kwamba bei ya kupiga pasi ni mbali. Makaa tuliyapata karibu yote. Karatasi safi iliyobaki haikutosha magunia yote. Tuliichapa polepole, kwa moto mdogo na feni nyingi, na kila asubuhi, kabla ya magurudumu kupima, Solanji aliuma tepe moja na kutuonyesha meno. Mpaka leo fanyeni hivyo. Magurudumu ni mazuri, lakini hayalalamiki namba ikiwa ndani ya mipaka. Meno hayana mipaka ya kuwekewa.

Kazi ilipokwisha, Mwajuma alirudi akachukua nusu ya tulichoahidi. Alimwambia prezida kwamba nusu nyingine ilikuwa mbichi, na hakueleza zaidi.

Jumamosi, tarehe nane Juni, tuliitwa Bugarama. Mzee alivaa koti lake la misa. Ghalani wakulima walikuwa wamesimama kuzunguka gunia la Mwajuma mwenyewe. Kidude kilikuwa kimesema moyo wa gunia una maji. Prezida alikuwa ameuma punje za juu, za pembeni, za chini: zote zililia kwa mkato. Mume wa Mwajuma aliuma, punje ikalia kwa mkato. Sasa walikuwa wakimtazama Mwajuma.

"Nawe umeuma?" prezida alimwuliza.

"Nimeuma. Ni kavu."

"Basi tepe ya dada yako inasema uongo."

Mdogo wangu alinitazama. Nilitaka kutembea na hapakuwa na mahali pa kutembea. Sikujua tepe ile ilikuwa inasema kweli au la; ningewaambia nilijua, ningekuwa ninawadanganya ninyi. Nilijua tu jinsi ilivyokaushwa.

"Mwageni," Mwajuma alisema.

Walilimwaga gunia lote juu ya turubai. Prezida alipiga goti, akaingiza mkono wake katikati ya lundo, pale palipokuwa moyo. Uso wake ulibadilika. Alitoa mkono, akamshika mume wa Mwajuma kifundo cha mkono, akauingiza mkono wa huyo palepale. Palikuwa na joto, unyevu na harufu ya kwanza kabisa ya ukungu. Gunia lilikuwa limejazwa jioni kwa haraka, na mpunga wa turubai ya chini, uliokuwa bado mbichi, uliingia katikati. Siku kadhaa zaidi na lingeambukiza mengine.

Prezida alisimama akipangusa magoti. Hakutusifu. Alisema, "Mulituahidi kwa kila gunia. Ingine iko wapi?"

Solanji alifungua kinywa, lakini Mzee Gaspari alikuwa amekwisha kusonga mbele katika koti lake la misa.

"Ilikuwako," alisema. "Miye niliichapa kwa moto mingi. Ingekuja hapa, leo ingekuambia hii gunia iko kavu. Tuliisimamisha, tukaifua."

"Muliifua?"

"Na maji ya mvua."

Mtu fulani nyuma alicheka, kisha wengi. Prezida hakucheka, lakini alimtazama Mzee kwa muda, kama wanaume wa Bugarama wanavyotazamana wanapojua kiwanda alikotoka mwenzao. "Muntu wa furu alisimamisha?" aliuliza.

"Alisimamisha."

"Basi muniletee kwa kila gunia, musimu inakuja."

Jumatatu, tarehe kumi Juni, nilifika karakana kabla ya wengine, kwa maana sikulala vizuri, kama ilivyo kawaida yangu. Mzee Gaspari alikuwa amenitangulia. Palikuwa na mavumbi ya chuma sakafuni na koti lake lilikuwa limetundikwa kwenye msumari wa kawaida. Kwenye kona yake, nyuma ya kiti, palikuwa na matundu manne ya skrubu na ukuta mtupu. Mpini wa kusimamisha alikuwa ameuhamishia kwenye mkunjo, mahali pangu, kwa urefu wa mkono wangu wa kushoto, na ameufunika kipande cha mti alichokichonga ili usiniteleze nikiwa na wino vidoleni.

"Mzee, umefanya nini?"

Alikuwa amelala chini ya mashine, miguu tu ikionekana.

"Mukono yangu iliweza mara moja," alisema kutoka huko chini. "Mara ya pili haitaweza, najijua. Ya kwako itaweza. Gonga rulo, tuanze."

Nikaigonga.